Shajara ya mradi wa masomo mafupi: kidato cha pili kinapofundisha

Januari, shule zimefunguliwa

Mradi wenyewe ni huu. Wanafunzi wa kidato cha pili watatengeneza masomo mafupi ya hisabati na baiolojia, yasiyozidi dakika tatu, kisha wenzao wa kidato cha kwanza na cha pili watayafungua, watajibu swali lililo mwishoni, na wakiwa na la kuuliza watauliza. Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, wilayani Muheza. Chumba cha kompyuta tunacho. Intaneti ya shule hatuna. Iliyopo ni ya simu ya mwalimu, na bando likiisha imeisha.

Hali hiyo ndiyo iliyotuchagulia jukwaa. Tunatumia Kolibri, programu huria ya kusomea bila intaneti, ya shirika la Learning Equality, watu wale wale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili video za Khan Academy, masomo ya bure ya mtandaoni, zitazamike mahali pasipo na mtandao. Kolibri yetu inakaa ndani ya kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi 4, inayoenea kiganjani, ambayo inarusha waifai yake yenyewe mle darasani. Mwanafunzi anaunganisha kishikwambi, anafungua kivinjari, anaingia. Umeme ukikatika tunahamia kwenye pawabenki. Ya mAh 20,000 inaiendesha siku nzima ya masomo, maana mashine hii inakula umeme kidogo sana.

Sura ya programu ipo kwa Kiswahili, na hilo limeniondolea nusu ya maelezo ya siku ya kwanza. Tumepakua pia chaneli ya Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zinazotengenezwa hapa hapa Tanzania tangu 2014. Wengi walishaziona kwenye televisheni walipokuwa shule ya msingi, wakafurahi kama waliokutana na ndugu.

Vishikwambi tunavyo 12. Baadhi ni vile walivyogawiwa walimu baada ya kazi ya Sensa ya mwaka 2022. Walimu wenzangu wamekubali kuviazima vipindi viwili kila juma, na nawashukuru sana kwa hilo. Simu za wanafunzi hazihusiki, kwa kuwa haziruhusiwi shuleni.

Mwalimu wa taaluma aliniuliza swali la haki kabisa: masomo mazuri ya wataalamu yamejaa, kwa nini tupoteze vipindi watoto watengeneze yao yasiyofikia ubora huo? Jibu langu ni kwamba faida ya kwanza ni ya anayetengeneza. Jean-Pol Martin, mwalimu wa Kifaransa huko Eichstätt, Ujerumani, alianza miaka ya 1980 kuwaachia wanafunzi wake wafundishe sehemu za somo wenyewe, na njia yake ikaenea kwenye shule nyingi za huko. Mwaka 2013 Logan Fiorella na Richard Mayer, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha jaribio linalotuhusu zaidi. Wanafunzi walisoma somo moja la sauti na mwendo. Wengine waliambiwa watapimwa, wengine wakaambiwa watafundisha, na kati ya hao wapo waliofundisha kweli, mbele ya kamera. Kujiandaa tu kufundisha kulisaidia kwa muda mfupi. Baada ya juma moja, waliofundisha kweli ndio waliobaki na somo kichwani. Kamera ilitosha, hata bila darasa mbele yao.

Mwalimu wa taaluma ametupa muhula mmoja wa majaribio.

Februari, mwanzoni

Kolibri ina jambo ambalo ni vizuri kulijua mapema: mwanafunzi hapakii somo lake moja kwa moja. Masomo yanapangwa kwenye Kolibri Studio, ambayo iko mtandaoni. Mwenye akaunti anapakia video, anaongeza maswali, anachapisha chaneli, kisha mashine ya shuleni inaivuta kwa kutumia msimbo wa chaneli. Wengine wangeona ni kikwazo. Mimi nimeona ni lango. Kila somo linapita mikononi mwa watu kabla halijafika kwa mtazamaji, nasi tumeamua kulitumia lango hilo ipasavyo: kundi linatengeneza, kundi jingine linakagua, ndipo mimi napakia jioni.

Jambo la pili ni sura na majina ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hawa ni watoto. Tumekubaliana na mkuu wa shule kwamba video zionyeshe mikono, karatasi na vifaa tu. Hakuna sura, hakuna jina, na sauti inarekodiwa ya mtoto ambaye mzazi wake amesaini fomu. Nilidhani watalalamika, wakapokea vizuri sana. Wapo waliosema waziwazi kuwa wasingethubutu kuzungumza kama uso ungeonekana.

Mpangilio wa kurekodi ni rahisi. Vitabu vinapangwa marundo mawili juu ya dawati, kishikwambi kinalazwa juu yake kamera ikitokeza katikati, karatasi inakaa chini. Kalamu iwe maka pen nene, mwandiko mkubwa, na dawati lisielekee dirisha, maana jua likipiga karatasi nyeupe maandishi yanapotea. Sauti ndiyo inayosumbua kuliko picha. Darasani kuna mwangwi, nje kuna wanaocheza, na mvua ikianza juu ya bati hakuna kinachosikika. Wanafunzi wenyewe ndio waliogundua stoo ya vitabu: kuta zote zimejaa vitabu, na sauti humo inatoka safi.

Februari, mwishoni

Ukubwa wa faili. Video ya dakika mbili na nusu ikitoka kwenye kamera kwa ubora wa juu inazidi MB 300. Studio inampa mtumiaji mpya nafasi ya MB 500, kwa hiyo bila kubana tungemaliza nafasi kwa somo la pili. Tunatumia HandBrake, programu ya bure: picha tunaishusha hadi mistari 480, mwendo wa data kilobiti 500 kwa sekunde. Somo lile lile linabaki takriban MB 10. Kwa kuwa kinachoonekana ni karatasi na mkono, jicho halioni tofauti. Hapo nafasi yetu inabeba masomo yanayokaribia 50, na bando linavumilia.

Urefu tumeubana kwa makusudi. Philip Guo na wenzake walichambua mwaka 2014 mamilioni ya nyakati za kutazama video kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona kwamba video zisizozidi dakika sita ndizo zinazoshika watazamaji. Hao ni watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyetembea tangu alfajiri, dakika tatu zinatosha.

Tumeweka pia zamu ya kazi. Makundi ya kwanza yalijipanga yenyewe, na karibu kila mahali wavulana walizungumza, wasichana wakachora. Sasa anayezungumza leo hachaguliwi tena hadi wote wa kundi wapite. Mmoja wa wasichana ambao hawajanyoosha mkono darasani tangu nianze kuwafundisha amerekodi somo la kulinganisha sehemu. Nimelisikiliza nikiwa na furaha isiyo kifani: anaongea polepole, anasimama pale pale ambapo msikilizaji anahitaji kufikiri.

Machi

Juma hili ndilo lililobadilisha mradi, kwa hiyo nitaliandika kwa urefu.

Kundi moja lilileta somo la namba hasi. Lilikuwa zuri kwa kila kigezo cha macho: sauti safi, mwandiko mzuri, dakika mbili, na kibwagizo ambacho kidato cha kwanza walikishika mara moja: "hasi na hasi, chanya!" Kabla ya kulifungua kwa wote tuliliweka kwenye mkondo mmoja tu, kwa majaribio, likiwa na maswali matatu. Kolibri inamwonyesha mwalimu kila jibu lililochaguliwa, si alama ya jumla peke yake, na mle ndimo nilipoona.

Swali la kwanza, −3 × −4, wengi walilipata. Swali la pili lilikuwa −3 − 4. Wengi walijibu 7.

Niliwaita watengenezaji tukaangalia pamoja. Hakuna uongo uliosemwa kwenye video. Mfano wao ulikuwa wa kuzidisha, na kwenye kuzidisha kanuni ni kweli. Ila kibwagizo kilitoka nje ya mfano kikaenda kutembea. Mtoto akiona alama mbili za kutoa mahali popote anaimba "chanya" na anaandika 7. Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa linasambaza kosa, na lingesambaa kwa kidato kizima kama tungehesabu watazamaji peke yao.

Waliomba walirudie. Wakakaa siku kadhaa bila kurekodi chochote, wakibishana tu. Mmoja wao, ambaye mama yake ana genge, akaleta wazo la daftari la madeni. Unadaiwa elfu tatu. Hiyo ni −3. Umekopa tena ya elfu nne. Je, sasa umekuwa na fedha elfu saba? Kila mtoto wa hapa anajua jibu. Deni limekua, ni −7.

Halafu ukaja ubishi mkali kuhusu kutoa hasi. Mmoja alitaka kusema kwamba −7 − (−4) ni kulipa deni. Mwenzake akamkatiza: "Ukilipa umetoa hela yako mfukoni. Hapa hela haijatoka. Mwenye genge amechukua kalamu, amefuta." Niliposikia hivyo nilikaa kimya kabisa, nisiharibu. Wakaandika kwenye karatasi ukurasa wa daftari wenye madeni mawili, moja la elfu tatu na jingine la elfu nne, jumla elfu saba. Mkono ukaingia kwenye picha na kalamu, ukapiga mstari juu ya lile la elfu nne. Limebaki la elfu tatu. −7 − (−4) = −3. Video nzima ni sekunde 140, na mstari ule wa kalamu una thamani kuliko kibwagizo.

Kuzidisha wamekuweka kwenye somo jingine, mbali, lenye swali lake. Huo ni uamuzi wao, nami nauunga mkono kwa moyo wote: vitu viwili vinavyofanana sura visifundishwe pumzi moja.

Tena nimeona jambo ambalo nitalikumbuka nikipanga makundi. Aliyeleta daftari la genge si wa kwanza darasani, wala wa kumi. Wa kwanza darasani alikuwa kwenye kundi jingine, na somo lake liliruka hatua mbili kwa sababu kwake hazionekani kuwa hatua. Huyu wa genge alikwama kwenye namba hasi mwaka jana, mwaka mzima. Anakumbuka mahali penye utelezi.

Aprili

Tangu Machi tunaanza somo kwa swali, si kwa video. Wazo nimelichukua kwa PeerWise, jukwaa lililoanzishwa na Paul Denny katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Pale wanafunzi wanatunga maswali ya kuchagua, wanaandika majibu yote pamoja na maelezo, wenzao wanayajibu na kuyapima ubora. Hakuna video hata moja.

Kigumu si kutunga swali. Kigumu ni majibu yasiyo sahihi, ambayo wanafunzi wetu wanayaita mitego. Mwanzoni walijaza chochote: jibu la −3 − 4 ni −7, na mitego ikawa 100, 56 na "haiwezekani". Mtego wa namna hiyo haumnasi mtu na haumfundishi mtu. Kanuni yetu sasa ni kwamba kila mtego uwe umetoka kwenye daftari la mwanafunzi halisi, au mtunzi aweze kueleza ni mawazo gani yanamfikisha mtu pale. Kwa hiyo −3 − 4 sasa ina majibu manne: −7, 7, 1 na −1. Anayechagua 7 ameimba kibwagizo. Anayechagua 1 amesoma −3 + 4. Anayechagua −1 hakuiona alama iliyo mbele ya tatu, akafanya 3 − 4. Kila mmoja ana ugonjwa wake, na kila ugonjwa una sentensi yake kwenye maelezo ya mwisho.

Hili limewageuza kuwa wakaguzi wa ajabu. Wanaomba madaftari ya kidato cha kwanza wayapitie, wanatafuta makosa kwa hamu, na hawacheki. Kosa limekuwa malighafi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alikuja na daftari lake mwenyewe, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, mimi nina kosa zuri, nimewaletea." Alikuwa amejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Kosa kongwe, na kweli zuri. Limeingia kwenye swali la sehemu siku hiyo hiyo.

Fomu ya ukaguzi nayo imebadilika. Kundi linalokagua haliulizwi tena kama video inapendeza. Linaulizwa mtazamaji ataweza kufanya nini ambacho hakuweza, ataweza kukosea wapi hata baada ya kutazama, na kama kuna sentensi iliyo kweli kwenye mfano huu lakini si kweli kwingine. Swali hilo la tatu limezaliwa na kibwagizo cha Machi.

Mei

Baiolojia imeingia, na mwalimu wake amekuwa nguzo ya mradi. Somo ni osmosisi. Vipande vya kiazi mbatata vilivyokatwa sawasawa, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi, vikaachwa hadi kesho yake. Kwenye video mkono unakinyanyua cha maji matupu: kimekakamaa, kinasimama chenyewe. Kinanyanyuliwa cha maji ya chumvi: kinalegea, kinajikunja juu ya kidole. Wakavipanga kando ya rula, na cha chumvi kimekuwa kifupi. Hakuna maneno kwa sekunde kadhaa hapo, na nimewasifu kwa hilo.

Mitego waliyoweka ni kwamba chumvi imeingia ikala kiazi, na kwamba kiazi kimeoza. Wa kwanza ndio ulionasa wengi. Maelezo yao yakafuata maji yalikotoka na yalikokwenda: ndani ya seli za kiazi maji yalikuwa mengi kuliko kule kwenye chumvi, utando wa seli unapitisha maji, yakatoka. Cha maji matupu kimefanya kinyume chake.

Swali la maana likatoka kwa mtazamaji. Sehemu ya kuuliza kwetu si ya kompyuta. Ni daftari kubwa lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa chumba cha kompyuta, kwa sababu Kolibri haina mahali pa mazungumzo ya wanafunzi. Mtu aliandika humo: "Je, mkitumia kiazi kilichochemshwa?" Watengenezaji hawakujua. Mwalimu wa baiolojia alijua, akajizuia, akawaambia kachemsheni. Kiazi kilichochemshwa hakikukakamaa kwenye maji matupu kama kile kibichi. Kwa nini? Ilibidi warudi kitabuni, wakaona kwamba kuchemsha kunauharibu utando. Hakuna tena kinachochagua cha kupitisha. Hilo likawa somo la pili, na mwanzoni mwake wanasema limetokana na swali la mwenzao wa mkondo B. Mwandishi wa swali alilitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Kuhusu lugha tumefanya uamuzi na nitauandika ili usibishaniwe kila juma. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza kinawapokea kwa Kiingereza, mtihani ukiwa wa Kiingereza vilevile. Maelezo ya video yanasemwa kwa Kiswahili. Istilahi za mtihani zinaandikwa kwenye karatasi kwa Kiingereza na zinatamkwa. Swali linatolewa kwa lugha zote mbili, kwanza Kiingereza. Wapo walimu wenzangu wanaoona tunawachelewesha watoto. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao: mtoto aliyeelewa deni linalofutwa ana kitu cha kukibandika lile neno la mtihani, na asiyeelewa ana neno tupu.

Juni

Mitihani ya muhula, kisha likizo. Mashine imezimwa na kufungiwa kabatini. Chaneli ina masomo 23 yaliyopita lango. Mengine yako kwenye karatasi, na nimeruhusu yabaki huko. Lisilo na swali zuri halipandishwi, hata kama limekwisha kurekodiwa.

Julai

Mwalimu wa hisabati wa shule ya jirani aliomba tumpe chaneli yetu. Kwa kuwa naye hana intaneti ya shule, tumemnakilia yote kwenye flashi. Kolibri inaruhusu kutoa chaneli nzima na kuingiza kwenye mashine nyingine bila mtandao. Kabla ya hapo tulikaa na wanafunzi kuamua masharti, maana kazi ni yao. Studio inadai leseni kwa kila somo. Niliwaeleza kila moja inaruhusu nini, wakachagua ile ya Creative Commons inayomruhusu mtu kutumia na kubadilisha, mradi ataje chanzo na naye aachie kazi yake kwa masharti yayo hayo. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya msichana wa somo la sehemu: "Wakirekebisha, na sisi tuipate."

Na kweli tumeipata. Yule mwalimu alirudi na karatasi ya majibu ya wanafunzi wake. Kwenye −7 − (−4) wengi wao waliandika −11, jibu ambalo hatukuwa nalo kwenye mitego yetu. Kundi lilikaa nalo, likafuata mawazo: mtoto ameona deni la saba na deni la nne, akayajumlisha, ile alama ya kutoa iliyo katikati hakuipa kazi. Daftari la genge lenyewe ndilo linaloweza kumpeleka huko, kwa sababu kwenye ukurasa madeni yote mawili yanaonekana. Wamerekodi upya sehemu ile ya mstari wa kalamu: sasa jumla ya elfu saba inaandikwa kwanza chini ya ukurasa, wazi, kwamba hilo la elfu nne tayari limo ndani yake, ndipo linafutwa. −11 imeingia kwenye majibu ya kuchagua. Nilipochapisha, mashine yetu ilivuta faili zilizobadilika tu, bando halikuumia.

Natamani kila anayejenga majukwaa ya namna hii aione karatasi ile. Kwenye skrini nyingi kinachohesabiwa ni waliotazama na waliopenda. Kwetu kilichofanya somo likue ni orodha ya makosa kutoka darasa ambalo watengenezaji hawajawahi kuliona.

Agosti

Kidato cha kwanza wameanza kuomba nao watengeneze. Nimekubali, kwa sharti la kuanzia kwenye ukaguzi: mwezi mzima wakague kazi za wakubwa wao, waandike mitego, ndipo waingie stoo ya vitabu. Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo zamu inahamia kwa wadogo wakati mzuri. Mwalimu wa taaluma hatujadiliani naye tena kama mradi uendelee. Swali lake la juma lililopita lilikuwa kama fizikia wanaweza kupewa kipindi.

Shule ya jirani nayo inatengeneza masomo yake, na tumekubaliana kubadilishana flashi kila mwisho wa mwezi, kila flashi ikiambatana na karatasi ya makosa.

Jumatatu tunaanza aljebra. Swali la kwanza limeshaandikwa: rahisisha 2a + 3b. Mitego tuliyonayo kutoka kwenye madaftari ni 5ab na 6ab. Unatafutwa wa tatu.